Mama Alisema Hana Mtoto

Kazi niliyoiomba ilikuwa ya kutunza ghala la baruti katika mgodi mmoja nje ya mji. Nilikuwa nimesomea kemia, nikafanya kazi katika maabara ndogo ya kupima madini mpaka ilipofungwa, na baruti yenyewe haikunitia hofu. Hukaa kimya ndani ya maboksi yake kama sabuni. Nilichokuja kukiogopa ni maswali.

Watu wa mgodi walitueleza mapema sisi waombaji. Mtu anayeshika ufunguo wa ghala lile lazima maisha yake yajulikane: ametoka wapi, analala wapi, ndugu zake ni akina nani, na kama yupo mtu anayeweza kumshika pabaya ili amfungulie mlango. Mkoa wetu umeshaona watu wenye silaha wakitoka porini, na hakuna anayetaka sanduku moja la vitu vile lipotee. Niliona ni haki. Uchunguzi huo, enquête kama wote tunavyouita hapa Lubumbashi, ungefanywa na watu wa nje ya mgodi. Tulikatazwa kuwaonya ndugu wala majirani, ili nao wajibu wanavyojua wenyewe. Nikatii.

Nilihojiwa mara ya kwanza katika villa moja ya mtaa wa Golf, yenye maua ukutani na mlinzi langoni, na ndani baridi ya mashine ilikuwa kali kuliko ya nje, ingawa kiangazi chetu nacho ni cha baridi. Mpelelezi alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, viatu vinang'aa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Alikuwa na tabia moja: ukimaliza kujibu, alingoja. Hakuandika wala kuuliza jingine. Aliangalia tu mikono yako, mpaka ukaongeza jambo ambalo hakuliuliza.

"Baba yako?"

"Alikufa kwa homa, nikiwa bado ninanyonya."

Akangoja.

"Kule kaskazini, kwenye mji mdogo wenye stesheni," nikaongeza. "Alikuwa mtu wa reli, kama babu yangu. Mama ndiye aliyeniambia."

"Mama yuko hai?"

"Yuko. Anakaa Annexe, pembeni ya mji, ana bustani ya mboga. Mimi nimepanga chumba mtaa wa Ruashi."

Akanishukuru kwa adabu nyingi. Nilipotoka langoni nilikuwa nimelowa kwapani, na sikuweza kusema kwa nini, maana sikuwa nimedanganya neno hata moja.

Baadaye mtaa wangu ulianza kubadilika. Mwanamke aliyeniuzia makala, yaani mkaa wa kupikia, ambaye kila siku alinieleza habari za magoti yake, sasa alinipimia bila kuinua uso. Vijana waliokaa kwenye matofali ya nyumba isiyomalizwa walinyamaza nilipopita, wakaanza tena nikishawapa mgongo. Nilisalimia, nikaitikiwa na watu waliokuwa tayari wanaingia ndani.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema. Alishona nguo barazani, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliniita, akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Mwanangu, kuko mwanaume anatembea mu avenue na jina yako mu kinywa. Anauliza unaingiaka na nani, unatokaka saa ngapi, kama unakunywaka, kama unapokeaka bageni. Unafanya nini?"

"Ni ya kazi, mama. Banachunguza kila muntu anaomba ile kazi."

"Kazi gani inauliza kama unapokeaka bageni?"

"Ya mgodi."

Akakata uzi kwa meno. "Nilimuambia unasali, unalipa, unafagia. Lakini wale wengine wanasema mtu hawezi kuulizwa bure. Wanasema umeshtakiwa."

Niliingia chumbani nikaketi kitandani. Nilijaribu kukumbuka kila mgeni aliyewahi kukaa kwenye kiti changu cha plastiki. Binamu aliyepita akielekea Zambia, je, alibeba nini ndani ya ule mfuko? Rafiki wa chuoni aliyezoea kuikosoa serikali kwa sauti kubwa, aliniandikia nini kwenye simu? Kwa mara ya kwanza niliyatazama maisha yangu kama mtu asiyenipenda, na kila mahali niliona kitu.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa mama. Nilizoea kumkuta kati ya matuta ya lengalenga, mchicha wa huku kwetu, kitambaa kichwani, akinipigia kelele kuwa nimekonda. Siku hiyo nilimkuta ndani, mlango umeegeshwa mchana kweupe. Aliponiona alinivuta kwa mkono kama mtu anayevuta mtoto barabarani.

"Nani alikuona ukikuya?"

"Watu wote, mama. Ni mchana."

"Usikuye hapa kwanza. Mpaka nikuite."

"Unagonjwa?"

"Siko mugonjwa. Kwenda. Pita ku nyuma, mu mihogo."

Hakunipa chakula. Mama yangu, ambaye hata fundi wa bomba hatoki kwake bila kula bukari, ugali wetu, alinisukuma kwenye mihogo nikiwa na viatu vya misa. Nilitembea nikigeuka nyuma. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, haniangalii mimi, anaangalia barabara.

Nilidhani ni ugonjwa wa kichwa unaoanza kwa wazee. Niliogopa hilo pia.

Kisha nikaitwa tena Golf. Mpelelezi aliniketisha kiti kilekile, akaomba mlango ufungwe.

"Nilikwenda Annexe," alisema. "Nilimkuta mama uliyenielekeza. Nyumba ile ile, bustani ile ile. Nikamuuliza binti yake yuko wapi." Akaiweka kalamu sawa na karatasi. "Aliniambia hana binti. Hana mtoto hata mmoja. Jina lako hajalisikia kamwe."

Nilicheka. Ni aibu kusema, lakini nilicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

"Ni mama yangu."

"Nilimuuliza mara ya pili, kwa upole. Akaapa kwa Bikira Maria." Akangoja, akiangalia mikono yangu. "Sasa unanielewa. Naweza kuelewa mtu mwenye kaka mlevi. Naweza kuelewa mtu aliyewahi kukamatwa. Lakini huyu anayetaka kukaa na baruti, ambaye mama yake hamjui, mimi niandike kuwa ni nani?"

"Niko na cheti cha kuzaliwa."

"Vyeti vinanunuliwa, madame. Wewe na mimi tunajua mji huu."

Hakupandisha sauti, na hapo ndipo hofu iliponishika. Nilielewa kuwa jambo hili limevuka kazi. Anayekosa kazi anarudi nyumbani. Lakini mtu anayedai jina lisilo lake ili akaribie ghala la baruti harudishwi nyumbani, anapelekwa kwa watu wengine, nao huenda hawana sauti ya hospitali. Alinipa nafasi ya kumleta mama yangu pale, ikiwa kweli ni mama yangu. Akaongeza kuwa nisiondoke mjini.

Nilikwenda Annexe moja kwa moja, sikujali nani ananiona. Mama alikuwa anamwagilia. Aliponiona aliangalia barabara kwanza.

"Mama, ule muntu alikuya. Ulimuambia nini?"

Akatua ndoo. "Alikushika?"

"Aliniita. Anasema ulisema hauna mutoto."

"Njo vile nilisema."

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ile mara ingine nilisema kweli."

Sikuelewa. Akaketi chini kwenye udongo mbichi, akiwa na kikwembe chake kizuri, kitenge cha kujifunga, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikaketi naye. Alizungumza akiyatazama majani, na niliona kuwa maneno hayo yamekaa mdomoni mwake tangu zamani, yamepangwa tayari, yanangoja.

"Tulikuwa tunakaa mu nyumba ya reli. Baba yako alikuwa ku telefone ya stesheni, yeye njo alikuwa anapasha habari kama treni inatoka, kama inafika, inabeba nini. Vita ikakaribia. Bantu bakaanza kusema kuko mwenye anauzisha habari ya treni. Mchana moja bakakuya banaume wawili. Habakuwa na bunduki. Bapole, viatu safi. Banasema, 'Jambo, mama. Bwana yako iko?' Weye uko ku mugongo yangu, unalala. Nikabaambia, 'Iko, ananawa ku nyuma.' Miye mwenyewe nikabapeleka ku nyuma. Miye mwenyewe."

Alishika kidole chake cha ndoa, ambacho hakina pete.

"Akavaa shati. Akasema atarudia sasa hivi. Habakumupiga, habakumufunga. Balitembea naye kama marafiki. Njo mwisho."

"Na homa?"

"Homa niliipanga juu yako. Mutoto wa muntu mwenye alipelekwa, bantu banamuogopa. Habamuoe, habamupe kazi. Nikakubeba, nikakuya huku kwenye hakuna muntu anatujua. Sasa ule bwana anasimama pa mulango, na viatu vile, na sauti ile, anasema, 'Jambo, mama. Binti yako iko?'" Akanitazama mara ya kwanza. "Ulitaka nimujibu nini?"

Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka thelathini na baba aliyekufa kitandani, na sasa baba huyo alikuwa ameinuka, amevaa shati, ametoka na watu wawili. Nilitaka kulia kwa ajili yake, lakini hofu ilikuwa imetangulia na kukaa mahali pote. Maana nilikuwa nimeona mtego. Mama akinyamaza, mimi si mtu. Mama akisema, mimi ni binti wa mtu aliyeshukiwa kuuza siri za treni, na nimesema mbele ya mpelelezi kuwa alikufa kwa homa.

"Tuache," nilimwambia. "Tusiende. Nitatafuta kazi ingine."

"Bakikuacha," alisema mama. "Na basipokuacha?"

Tuliketi hapo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye ndoo. Kisha akainuka, akajipangusa udongo, akaniuliza Golf ni njia gani.

Siku tuliyokwenda alivaa kikwembe chake cha sikukuu za kanisa na rozari shingoni. Langoni mlinzi alitaka mama amwachie mkoba wake, naye akaukumbatia kwa nguvu mpaka nikamwambia mlinzi aache. Ndani, mpelelezi alisimama, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Asante kwa kuja."

Mama hakuketi. Akaninyooshea kidole.

"Huyu ni mutoto yangu. Nilimuzaa miye, ku kaskazini, ndani ya mvua. Nilikudanganya."

"Kwa nini, mama?"

Akamwambia yote. Stesheni, telefone, shati. Nilikuwa nimemwomba njiani aseme kidogo tu, aseme kuwa baba alipotea katika vita, kama wengi. Lakini mama alikuwa amefungua mlango na hakujua tena kuufunga. Nilimtazama mpelelezi nikitafuta usoni mwake mahali ambapo maisha yangu yangeangukia. Alikuwa ameacha kuandika.

"Hao watu," aliuliza, "walikuwa akina nani?"

"Habakusema."

Akangoja. Nikamwomba Mungu mama asiongeze neno. Mama akaongeza.

"Balikuwa bantu kama weye."

Nilifikiri, sasa hivi atabonyeza kitu, mlango utafunguka. Nilisogeza kiti changu kati yake na mama, bila kufikiri, nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

Mpelelezi aliiweka kalamu mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, sikujua kwa hasira au kwa nini.

"Jina la mume wako?" alisema.

Mama akalitaja. Jina kamili, la ukoo na la ubatizo. Sikuwa nimelisikia likitamkwa lote kwa sauti maishani mwangu.

"Nendeni nyumbani," alisema.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja, na kungoja kulikuwa kubaya kuliko maswali. Nilijilaumu kwa kumwacha mama ataje lile jina. Tulikuwa tumemkabidhi mtu tusiyemjua kitu ambacho mama alikificha maisha yake yote, naye ameondoka nacho kwenda tusikokujua. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, nilisimama. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, niliiacha ilie hadi ikatike. Mwenye nyumba aliniambia wazi kuwa watu wa avenue wamemshauri aniondoe kabla mambo hayajaletwa kwenye nyumba yake.

"Na umewajibu nini, mama?"

"Nimebaambia miye njo niko na ufunguo, siyo beye." Kisha akashusha sauti. "Lakini niko na woga, mwanangu. Sitakuficha. Niko na bajukuu humu ndani."

Nikahamia kwa mama. Nilimwambia mwenye nyumba ni kumsaidia mama bustani, naye akakubali uongo huo kwa shukrani. Kule Annexe tulimwagilia, tukapalilia, tukala mapema. Mama aliacha kunifukuza. Alikuwa akiniita kila nilipozunguka nyuma ya nyumba, hata kama nimekwenda kuanika nguo tu, na nisipoitika haraka alikuja mwenyewe.

Mpelelezi alikuja asubuhi moja, kwa miguu, peke yake, gari ameliacha mbali kwa sababu ya mashimo ya njia. Viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Nilimwona wa kwanza. Nikageuka kumwonya mama, na nikamkuta ameshainuka, jembe mkononi, anamtazama. Hakukimbia. Wala hakumkaribisha.

"Jambo, mama," alisema yule bwana.

"Niko hapa," mama akajibu. "Na mutoto yangu iko hapa."

Mpelelezi akakohoa kidogo. Akanigeukia mimi, akasema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo mdogo kabla ya mkubwa, kuwa upande wangu umekwisha, ameandika kuwa sina tatizo, mgodi utanipigia. Lile jibu la homa amelieleza: nilisema nilichoambiwa. Nilisikia maneno hayo na hayakuingia. Nilikuwa ninamtazama mama.

"Kuhusu mzee," alisema, akimrudia mama. "Ilibidi nitafute. Niliuliza wazee wa reli waliostaafu. Niliuliza watu wa mahakama wa wakati ule, na wengine ambao siwezi kuwataja. Hakuna kitu, mama. Hakuna mashtaka, hakuna hukumu. Hakuna gereza lililompokea. Jina lake halipo popote."

Kwangu mimi, maneno hayo yalikuwa mlango unaofunguka. Jina lisilo popote haliwezi kunizuia. Niliona aibu kwa jinsi pumzi ilivyonitoka.

Mama alitafuta kitu cha kushika, akashika mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Hakuna, maana yake hakukosa?"

"Hakuna mahali palipoandikwa kosa."

"Na mahali baliandika kama balimupeleka wapi?"

"Hapana, mama."

"Basi balimupeleka bure."

Mpelelezi alingoja, kwa mazoea yake, lakini safari hii mama naye alingoja, na yule bwana ndiye aliyeshindwa. Aliinamisha kichwa. Alisema pole, akasema tena, akaondoka kwa njia aliyojia, akiruka mashimo.

Mama hakulia mpelelezi alipokuwapo. Alipotoweka alilia kwa sauti iliyowatoa majirani ndani, sauti ya kilio cha mtu aliyekufa leo. Wakaja mbio wakiuliza ni nani. Nami ndiye niliyewajibu: ni baba. Wengine walinitazama wakidhani nimechanganyikiwa, maana walijua huyu mama ni mjane wa siku nyingi. Lakini kilio hakiulizwi mara mbili. Wanawake wakaketi chini naye, wanaume wakaleta viti na kuni. Mwenye nyumba wangu alipopata habari alikuja kutoka Ruashi na mkeka wake kichwani, akakaa karibu na mama hadi jioni, na sijui walizungumza nini.

Tulikwenda parokiani kuomba misa. Padri, kijana mpole, aliuliza tarehe aliyofariki marehemu. Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

"Hatuijui," nikasema.

"Basi tuisome kwa tarehe gani?"

"Isome kesho," mama akasema. "Nimechoka kungoja."

Kazi niliipata. Ghala limechimbwa pembeni ya kilima, lina kufuli mbili, na siwezi kufungua bila mwenzangu kuwapo. Ndani kuna ubaridi mzuri na harufu hafifu ya mafuta. Wakati fulani uchunguzi unarudiwa, wametuambia, na atakuja mtu mwingine, si yule. Bado nikisikia mtu asiyenijua akitaja jina langu, nasimama na kutazama mlango. Wenzangu wanadhani ninaogopa baruti. Sijawaeleza.

Siku niliyokwenda Ruashi kuchukua vitu vyangu, muuza makala alianza tena habari za magoti yake aliponiona na sare ya mgodi. Nilimsikiliza, nikampa pole. Lakini sikurudi kukaa Ruashi. Nilipanga chumba karibu na mama, na asubuhi nikitoka, ananisindikiza hadi barabarani, anamtazama dereva wa basi la mgodi usoni, na kumuuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, ananipeleka wapi na atanirudisha saa ngapi. Dereva amezoea. Anazima injini, anamjibu.